Matofali ya Viberiti

Mimi na tope hatujawahi kukosana. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo wapo watu Bigwa wanaoamini kwamba niliwafanyisha watoto wao kazi ya matofali. Wakiniona napita na ndoo, hunyamaza kwanza, halafu ndipo wananisalimu. Salamu naipokea. Nimezeeka, sina tena nguvu za kugombana na mtu njiani. Lakini kabla sijafa nataka niseme ukubwa wa matofali yenyewe, maana siku niliyohukumiwa hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, sabuni ikiwa haipatikani. Ukisikia duka la ushirika limeletewa sabuni, unaacha uji jikoni unakimbilia foleni, na ukifika unakuta mawe yamepangwa mstari mzima, kila jiwe limeshika nafasi ya mtu aliyekwenda shambani. Jiwe linakutangulia kupata sabuni! Wengi wetu tulifulia majani ya mpapai. Unayaponda, unayasugua kwenye nguo, yanatoa povu kidogo la kukutuliza moyo. Kwa hiyo mama aliyekuwa na mtoto wa gauni jeupe, mimi nilimwelewa.

Mume wangu alikuwa na kazi Dumila, anarudi mwisho wa mwezi. Wanangu walikuwa shule. Nyumba yetu ilikuwa chini kabisa ya mlima, mahali ambapo mvua ikinyesha huko juu Uluguru wewe unaiona kwanza mlangoni. Wanawake walioajiriwa kwenye kiwanda cha nyuzi walipita kwangu asubuhi wakiwahi zamu, watoto mgongoni. Mmoja akaniomba, "Dada, nishikie huyu leo tu, mama mkwe anaumwa." Leo tu ikawa wiki, na wiki ikawa watoto saba. Aliyekuwa na unga alileta unga, aliyekuwa na kuni alileta kuni, asiye na kitu alileta mtoto. Sikulalamika. Nilipenda ile kelele.

Tope walilitafuta wenyewe. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, maji ya mvua yalikuwa yanatuama, na siku moja nikatoka jikoni nikawakuta wote saba wamekaa humo kama vyura. Nilifoka! Nilifoka mpaka jirani akachungulia. Halafu nikamtazama mmoja wao, alikuwa anakanda donge kwa kiganja, polepole, ulimi umetoka pembeni, nikamkumbuka mama yangu. Mama yangu alikuwa mfinyanzi, kwetu juu ya Mkuyuni. Mimi nimekua na udongo kwenye kucha, na sikumbuki siku hata moja aliponiambia acha. Nikajiuliza, hivi nafoka kwa sababu gani? Kwa sababu ya sabuni tu.

Nikaingia ndani nikatoa kiberiti kilichokwisha. Nikachomoa kile kisanduku cha ndani, nikakijaza tope, nikalainisha juu kwa kidole, nikakigeuza kwenye jiwe nikagonga mara moja. Tofali likatoka, dogo, lenye pembe zote nne. Wallahi, kama angeniapia mtu kwamba watoto saba wanaweza kukaa kimya kwa pamoja, ningemwita mwongo, lakini walikaa kimya. Halafu wakaanza kugombea kiberiti.

Basi kazi ikawa hiyo. Walifyatua, wakapanga mistari kwenye ukuta wa nyumba, jua likakausha. Mahali pale wenyewe wakapaita kiwandani, kwa sababu mama zao kila asubuhi waliwaambia wanakwenda kiwandani. Palikuwa na msimamizi, palikuwa na zamu, na ikifika saa nne mmoja alipiga king'ora kwa mdomo, "Uuuuu!", wote wakatoka kuja kunywa uji. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni mpaka machozi.

Wazazi hawakucheka. Wiki ile ya kwanza niliipata. Mama mmoja alimgeuza mwanawe masikio mbele yangu, "Tazama, dada, tazama humu ndani, unaweza kupanda mchicha!" Baba mmoja, mwalimu, mtu mpole, alikuja na baiskeli yake akanisalimia vizuri, kisha akaniambia habari za minyoo kwa muda mrefu, kwa mpangilio, kama yuko mbele ya ubao. Mwingine aliniambia mtoto wake ana kifua. Na wote, wote jamani, waliishia palepale: sabuni sina.

Sikubishana nao, kwa sababu walikuwa na haki. Nikaweka sheria. Kila mtoto aje na nguo ya tope, shati la baba lililochakaa, limekatwa mikono. Akifika, nguo ya nyumbani inavuliwa mlangoni, inatundikwa kwenye kamba, haiguswi mpaka mama yake arudi. Makarai mawili ya maji nayatoa juani tangu asubuhi, ili saa sita wakioga wasipigwe na baridi. Kucha nakata kila Ijumaa. Anayelamba udongo hafanyi kazi kiwandani mpaka kesho yake, na adhabu hiyo iliwauma kuliko fimbo. Na minyoo, nikawapanga mstari wote saba nikawapeleka zahanati wakapewa dawa, nikamtumia mwalimu salamu kwamba wanafunzi wake wamefaulu. Jioni watoto walirudi kwao wakiwa safi kuliko walivyokuja. Kelele zikaisha. Kwa karibu mwaka mzima nilikaa kwa amani.

Sasa nimseme yeye.

Alikuwa Mnyamwezi, mtu wa Tabora, mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye kikohozi ambacho alisema ni vumbi la nyuzi kule kiwandani. Mimi Mluguru. Asiyejua utani wetu ajue hivi: tangu enzi babu zao wakipita kwetu na mizigo kwenda pwani, Mnyamwezi na Mluguru ni watani. Anaweza kuingia kwangu akafunua chungu akala mboga, nisiseme neno. Naweza kumwita mtumwa wangu mbele ya mume wake, akacheka. Kwenye msiba wangu yeye ndiye wa kufanya vituko watu wapumue. Mtani hakasiriki. Akikasirika, basi si mtani.

"Mla magimbi!" ndivyo alivyobisha hodi kila asubuhi. "Umeamka, au bado mnashuka mlimani?"

"Ingia, mbeba mizigo. Weka mzigo wako hapo."

Mzigo wake ulikuwa binti wa miaka minne. Huyo mtoto alikuwa na gauni moja zuri, na mama yake, kwa ajili ya gauni hilo, alikuwa amemfunza usafi kwa makofi. Alifika kwangu akasimama mlangoni, mikono ameinua mbali na mwili, vidole vimetanuka, ili visiguse kitu. Hakusema. Si kwamba alikuwa bubu, kwao alikuwa anasema kidogo, lakini kwangu hakufungua kinywa. Wiki tatu alisimama hivyo akiwatazama wenzake kiwandani. Nilimvalisha nguo ya tope, akasimama nayo, mikono juu. Sikumlazimisha.

Siku aliyoingia sikumwona akiingia. Nilisikia tu kiberiti kikigongwa kwenye jiwe karibu yangu, nikageuka, tofali limetoka, na yeye amelitazama. Akaniangalia. Akasema, "Tena."

Neno moja. Nikamwambia, "Tena, mama, tena!" nikaingia jikoni kulia, potelea mbali uji uliokuwa unaungua.

Jioni mama yake alipokuja nikamsimulia. Na yeye akalia, halafu akafuta machozi kwa kanga, akanishika bega: "Mluguru, umemroga mwanangu!" Kuanzia kesho yake alikuwa ananiletea viberiti. Aliwaomba wavuta sigara kule kiwandani wasitupe, akavileta vimefungwa kwenye leso, vitano, vinane, siku moja kumi na viwili. Hilo mlikumbuke. Viberiti vilikuwa vyake.

Na jioni moja, mbele ya wale mama wengine, alisimama mbele ya mistari ya matofali iliyojaa ukuta mzima, akashika kiuno. "Ala! Mla magimbi, kumbe unawafanyisha wanetu kazi!"

Nikamjibu, "Ulikuwa hujui? Ninyi si watumwa wetu tangu babu zenu? Hawa wananijengea nyumba. Wakimaliza chumba cha mbele ndiyo utamchukua mwanao."

Alicheka mpaka akashika mgomba, akakohoa, akacheka tena. Sote tulicheka.

Miezi michache baadaye tawi la chama likaamua kufungua kituo cha kulelea watoto, pale penye ukumbi wa mikutano. Jambo zuri, sikulipinga. Lakini kituo kinataka watoto, na watoto wa wafanyakazi walikuwa kwangu. Siku ya kufungua walifika wawili. Wiki iliyofuata balozi wetu wa nyumba kumi akaja kwangu. Kwa kawaida akija anaomba maji ya kunywa na kukaa. Siku hiyo hakukaa.

"Unaitwa tawini Jumamosi," akasema. "Kuna tuhuma."

"Tuhuma gani, mzee wangu?"

"Ya unyonyaji."

Nilicheka! Nilidhani ananitania na yeye. Mimi, kupe? Mwenye kuku wanne na nyumba ya miti? Lakini hakucheka, na alipoondoka nikaona hajayagusa maji niliyompa.

Niwaambie ukweli, sikuogopa. Nilijua kinachotakiwa ni kuwachukua wale watoto, na hilo liliniuma, maana nilikuwa nawaza yule binti akirudi kusimama mikono juu. Lakini nilijua pia kwamba mle ukumbini atakuwepo mtani wangu, naye atasimama aseme, na akisema watu watacheka, na wakishacheka yamekwisha. Asubuhi ya Jumamosi nikachukua tofali moja ukutani, nikalifunga kwenye pindo la kanga. Nikasema nitawaonyesha unyonyaji wenyewe.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa tawi alikuwa mzee mtulivu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Akasomewa barua, isiyo na jina la mwandishi, kwamba ndugu huyu wa Bigwa anawatumikisha watoto wa wafanyakazi kufyatua matofali ya kujengea nyumba yake, na ushahidi ni kwamba watoto wenyewe wakiulizwa wanasema, "Tunafanya kazi kiwandani kwa shangazi." Na ni kweli walisema hivyo! Wangesemaje?

Nikasimama nikaeleza. Nikaeleza nguo za tope, makarai, zahanati. Mwalimu aliyejua habari za minyoo alikuwa amekaa mstari wa tatu, akawa anasafisha miwani yake. Nikasema, "Ndugu Mwenyekiti, matofali yenyewe haya hapa," nikafungua fundo la kanga. Kumbe muda wote niliokaa nasubiri nilikuwa nimelibana mkononi kwa hasira. Yakatoka makombo. Yakamwagika mezani kwake, juu ya karatasi.

"Huu udongo tu, ndugu," akasema, akayapangusa.

Ndipo akaitwa yeye.

Alisimama pembeni ya dirisha, amevaa gauni lake la sikukuu. Hakunitazama. Mwenyekiti akamwuliza kama amewahi kuyaona matofali hayo. Akasema ameyaona. Ni mengi? Ni mengi, yamejaa ukuta. Watoto ndio wanaofyatua? Ndiyo, na mwanangu akiwamo. Mwenye nyumba amewahi kusema ni ya nini?

Akasema, "Alisema mwenyewe, mbele ya watu. Alisema, ninyi si watumwa wetu tangu babu zenu? Alisema, hawa wananijengea nyumba, wakimaliza chumba cha mbele ndiyo utamchukua mwanao."

Neno kwa neno. Hakuongeza hata herufi. Ukumbi ukaguna, na mimi hata hapo, mjinga mimi, nilikuwa nangoja acheke.

Mwenyekiti alikuwa mtu mzima, anaijua nchi yake. Akainamisha kichwa, akamtazama juu ya miwani, akatabasamu kidogo. Akamfungulia mlango kabisa. "Sasa mama, wewe mtu wa Tabora, na huyu Mluguru. Si mlikuwa mnataniana?"

Nikaanza kutabasamu. Mama mmoja nyuma yangu naye alishaanza kucheka. Ilitakiwa neno moja tu, "ndiyo", au hata asiseme, acheke tu, na watoto wangu ningebaki nao.

Akasema, "Ndugu Mwenyekiti, mimi na ndugu huyu hatuna utani."

Loo. Nimezika watoto wawili na mume, nayajua maumivu. Lakini lile neno liliniingia mahali ambapo msiba haufiki. Ndugu! Tangu nimjue hajawahi kuniita ndugu. Aliniita mla magimbi, mshuka mlimani, mchawi. Siku ile nikawa ndugu, na ndipo nikajua kwamba sina mtu mle ndani.

Sikufungwa. Niliambiwa tu niache mara moja kupokea watoto, na watoto wote wapelekwe kituoni. Kisha, mkutano haujafungwa, yakasomwa majina ya walezi wa kituo, na la kwake lilikuwa la pili. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, mikono ilijipigia yenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini mimi mpaka leo kinachonichoma si kazi aliyoipata. Lile vumbi lilikuwa linamwua, nilikuwa nasikia kifua chake kila asubuhi. Angekuja mlangoni akaniambia, "Mluguru, nataka kutoka kiwandani, nipe hao watoto niende nao," ningewapanga mstari mwenyewe nikawafikisha kituoni, na viberiti juu! Hakuniomba. Aliona rahisi kuniuza kuliko kuniomba.

Watoto walikuwa wanapita mbele ya nyumba yangu asubuhi wakienda kituoni, yeye mbele yao. Kule sakafu ilikuwa ya saruji, walikaa wamekunja mikono wanaimba, na nguo zao hazikuchafuka. Wazazi walifurahi. Yule binti alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Siku ya kwanza alinipungia. Siku ya tatu nilimwona anapita, mikono ameinua mbali na gauni, vidole vimetanuka. Kesho yake nikawa naoshea vyombo nyuma ya nyumba, nisione barabara. Matofali sikuyabomoa, masika yalikuja yakayarudisha kuwa tope.

Miaka mingi tukaishi hivyo, yeye upande ule wa barabara, mimi upande huu. Kwenye foleni akiniona alihama. Mara moja alimtuma mtu na kipande cha sabuni, nikamrudishia kwa mtu yuleyule.

Halafu mama yangu akafa. Tukamzika kwetu, juu ya Mkuyuni, kwenye kilima ambacho gari halifiki. Siku ya pili ya matanga, tumekaa wanawake kwenye mikeka, tumechoka kulia, nikasikia kelele kule bondeni. Mtu anapiga debe bovu, anaimba ovyo. Watu wakaanza kuinua vichwa. Akatokea yeye, anahema. Amepanda mlima ule wote kwa miguu, na kifua kile. Kanga ya marehemu mama yangu ameichukua kwenye kamba akaivaa nyuma mbele, kichwani ameweka chungu kilichopasuka, na uso mzima amejipaka ule udongo wa mfinyanzi uliobaki kwenye shimo ambalo mama alikuwa anakandia.

"Yuko wapi mchoyo huyu?" akapiga kelele. "Maisha yake yote amefinyanga vyungu, hajanipa hata kigae! Mfukueni, nataka changu!"

Wanawake wakacheka. Dada yangu, ambaye hakuwa amekula tangu juzi, alicheka mpaka akalala chini. Ndiyo kazi ya mtani, na aliijua kazi yake. Akazunguka mikeka, akamnyang'anya huyu ubuyu, yule akamvuta kilemba, mpaka akafika mbele yangu akapiga magoti. Pua kwa pua. Chini ya ule udongo macho yake yalikuwa mekundu.

"Mla magimbi," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Nifukuze basi. Nitukane niondoke."

Watu wote walinigeukia, wakingoja nimjibu, ili wacheke tena. Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na majibu ya miaka yote ile, yamejipanga ulimini, matusi matamu ya kitani. Nilitaka kucheka, sitadanganya. Nilikuwa nimemkosa kuliko nilivyomkosa mtu yeyote aliye hai.

Nikasema, "Ndugu, mimi na wewe hatuna utani."

Kicheko kikakatika. Akakishusha chungu, akavua kanga ya mama yangu akaikunja vizuri. Mtoto wa dada akamletea maji kwenye karai. Akanawa uso, tope likamchuruzika mpaka kwenye viwiko, na alipomaliza akasimama mikono ameinua mbali na gauni, vidole vimetanuka, anatafuta pa kujifutia.

Nikamwambia yule mtoto ampe kitambaa, na amletee uji, kama mgeni mwingine yeyote.